Kutembea hadi Namugongo na watu usiowajua

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 29, naishi Buswelu hapa Mwanza. Mwakani nataka kujiunga na kikundi cha mahujaji wanaotembea kutoka Bukoba hadi Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Katika kikundi hicho sina ninayemfahamu, labda rafiki yangu mmoja akikubali kwenda. Mwaka huu nilijaribu hija ya siku moja ya kwenda Bukumbi. Watu walikuwa na makundi yao, mimi nikabaki nyuma peke yangu mpaka mwisho. Halafu naona kwenye simu watu wanaotembea kwenda Santiago kule Hispania: wanakutana hawajuani, wanaagana wakilia. Sisi tunakosea wapi? Na nifanye nini nisiwe mzigo kwa wengine, wala nisitengwe? Mimi ni mpole, si mwongeaji.

JIBU: Marahaba, mwalimu.

Katika swali lako nimepigia mstari maneno mawili, mzigo na kutengwa. Umeyafunga pamoja kana kwamba asiyekuwa mzigo hatatengwa. Mimi ni muuguzi mstaafu, na hija hizi nimezitembea nikiwa na sanduku la dawa, kwa hiyo jioni watu wa kila aina hupita mikononi mwangu, miguu yao ikiwa ndani ya beseni. Ninayoyaona ni kinyume na unavyodhani. Anayebaki peke yake mara nyingi ni yule asiyetaka kumsumbua mtu: ana maji yake, ana plasta zake, ana biskuti zake, akiulizwa hali anajibu "poa tu" na huku anachechemea. Wenzake hawamchukii. Wanamwacha kwa sababu hajawapa pa kumshika.

Tuanze na Santiago, maana naona imekutia wivu. Njia yao maarufu kuliko zote, wanayoiita ya Wafaransa, huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa, inavuka milima ya Pyrenees, inakata kaskazini yote ya Hispania hadi Santiago de Compostela. Ni karibu kilomita 780, kazi ya wiki tano hivi. Wengi hawaitembei yote. Cheti cha hija hupewa aliyetembea angalau kilomita 100 za mwisho, ndiyo maana umati mkubwa huanzia mji wa Sarria. Mwaka 2024 vyeti vilivyotolewa kwa njia zote vilikaribia laki 5.

Sasa tazama ilivyopangwa. Kuna mishale ya njano ukutani, juu ya mawe, kwenye nguzo. Padre wa kijiji cha O Cebreiro, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kuichora miaka ya 1980. Kwa hiyo mtu anatoka peke yake bila kiongozi na hapotei. Jioni wote huishia katika vijiji vilevile, kwenye nyumba za mahujaji: vitanda vya ghorofa chumba kimoja, jiko moja, kamba moja ya kuanikia soksi. Usipompenda mtu, kesho unaamka mapema zaidi yake au unachelewa, mmeachana bila ugomvi. Ukimpenda, mnaambizana mtakapolala. Urafiki wa kule huchaguliwa upya kila asubuhi. Wale uliowaona wakilia kwenye simu ni waliochaguana. Waliokimbiana hawajirekodi.

Hija yetu haina mshale. Ina orodha ya majina, gari la mizigo, sare, kwaya, katekista, na mapadre wa parokia za njiani walioambiwa mapema kwamba usiku wa tarehe fulani watu fulani watalala madarasani. Ukikosana na mtu Kyaka, kabla ya mpaka, utakuwa naye Masaka kule Uganda, na kwenye foleni ya uji atakuwa mbele yako. Huwezi kumchagua wala kumkimbia. Kwa hiyo Bukumbi hukukosea, na wenzako hawakukosea. Walitoka asubuhi na jumuiya zao, jioni wakarudi nazo. Hija ya namna yetu haifanyi kazi yake mpaka watu wamelala chini ya paa moja na kuamka na hasira pamoja.

Na kwa kuwa umefika Bukumbi, kuna jambo la pale linalokuhusu. Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe, walifika Kageyi, ufukwe huu huu wa kwetu, mwishoni mwa 1878. Kutoka hapo Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka ziwa kwa mtumbwi, wakashuka Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Novemba 1882 mapadre wakaondoka Buganda, wakarudi upande wetu, na mwaka 1883 wakaanzisha misheni ya Bukumbi. Hawakurejea Buganda hadi 1885. Muda huo wote Wakristo wa kule, wengi wao wachanga kabisa katika imani, walikaa bila padre. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwalea vijana wa ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Mathias Mulumba aliwakusanya wenzake Mityana. Walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Mapadre waliporudi walikuta waumini wameongezeka. Miongoni mwa wale mashahidi 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI tarehe 18 Oktoba 1964 wamo waliokomaa katika kipindi hicho, wakati wachungaji wao wako hapa Bukumbi wakitazama ziwa.

Mwishoni mwa Mei 1886 vijana waliohukumiwa Munyonyo walitembezwa hadi Namugongo wakiwa wamefungwa kamba pamoja, na tarehe 3 Juni wengi wao wakachomwa moto. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote, wa miaka kama 14. Inasimuliwa kwamba alikwenda mbele ya Kabaka akiwa ameshikwa mkono na Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana hao. Sijamsikia mtu yeyote akisema Kizito alikuwa mzigo.

Ila kuna mzigo na mzigo. Mtu aliyekuja na viatu vipya vya kubana, bila kadi ya chanjo, bila dawa zake za presha, huyo anawalipisha wengine uzembe wake. Hilo lishughulikie ukiwa bado Buswelu.

Kutoka Bukoba hadi Namugongo ni zaidi ya kilomita 300: kama 80 hadi mpakani Mutukula, kama 90 kutoka hapo hadi Masaka kupitia Kyotera, kama 130 hadi Kampala, kisha Namugongo yenyewe, nje ya jiji upande wa kaskazini-mashariki. Kwa mwendo wa kilomita 25 hadi 30 kwa siku, na siku moja au mbili za kupumzika, mnatakiwa muwe mmeondoka Bukoba kabla ya tarehe 20 Mei. Mvua za masika zitakuwa hazijaisha. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza, na hupenda kunyesha alfajiri, saa ileile mnayotoka.

Miguu. Hapa naomba univumilie, ndiyo kazi yangu. Malengelenge hayaletwi na umbali. Yanaletwa na unyevu, joto na msuguano vikikutana mahali pamoja. Ondoa kimoja, mengine hupoa. Raba uvae zilizokwisha kukuzoea, namba moja zaidi ya kawaida yako, kwa sababu mguu wa mtembezi huvimba kufikia saa tano asubuhi. Ukinunua za mtumba pale Mlango Mmoja, ishike raba kwa mikono miwili uikunje: nzuri hukunjika mbele, kwenye vidole, ikikunjika katikati iache. Soksi za pamba tupu hushika maji, tafuta zilizochanganywa, jozi tatu, moja mguuni, moja kavu mkobani, moja juani. Paka mafuta ya mgando katikati ya vidole, kwenye kisigino na kwenye mapaja. Jioni vaa yeboyebo ili ngozi ipumue.

Ukisikia mahali panawaka, simama hapo hapo. Vua, kausha, bandika plasta. Watu husema "nitaangalia tukifika kwenye kituo", na wakifika kwenye kituo hakuna tena cha kuangalia, ni cha kutibu. Lengelenge likishajaa na linauma, litobolewe pembeni kwa sindano mpya iliyofutwa kwa spiriti, likamuliwe polepole, ngozi ya juu isitolewe, lifunikwe. Ngozi ile ndiyo bandeji bora kuliko yoyote iliyomo sandukuni mwangu. Lakini ukiona usaha, au mstari mwekundu unapanda mguuni, hapo panda gari la mizigo uende zahanati, wala usijione umevunja nadhiri.

Kunywa maji, lakini si maji matupu kutwa nzima. Jasho hutoka na chumvi, na anayekunywa lita kwa lita bila chumvi huishia kutapika na kuchanganyikiwa, na wenzake wanadhani ni jua. Beba pakiti za kuongeza maji mwilini, moja kwa lita moja. Ukiishiwa, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko kwa lita, vijiko vikiwa vimesawazishwa, visiwe na mlima. Chandarua usikiache, ukanda wote ule una malaria. Kuoga ziwani nakukataza, na kichocho mtu wa Mwanza hahitaji kufundishwa.

Mazoezi anza mapema, na yafanye Jumamosi na Jumapili mfululizo, maana siku ya kwanza haisemi kitu. Mwili hujieleza siku ya pili. Kutoka kwako kwenda Kisesa na kurudi yatosha kwa kuanzia, upite hadi Bujora ukapumzike. Ukishazoea, fuata barabara ya Shinyanga: Mkolani, Buhongwa, Usagara, kunja kulia kama unakwenda Kigongo, uirudie Bukumbi yako. Na siku moja endelea mbele ya Bukumbi, uvuke Daraja la JP Magufuli kwa miguu hadi Busisi. Ni kama kilomita 3 juu ya maji, na upepo wa ziwa utakuonyesha kofia ipi haifai.

Ukishayafanya hayo, utakayoyahitaji njiani yatakuwa mahitaji ya kawaida ya binadamu. Hayo usiyafiche.

Nikuambie sasa la kutengwa. Kikundi cha watu 40 hakitembei kama kundi. Baada ya saa moja kimeshavutika kama mlenda, kichwa hakioni mkia. Wanaozoeana ni wanaofanana mwendo, hata kama hawafanani umri, kabila wala parokia. Huko Santiago ni hivyo hivyo, waulize. Mwenye kasi atawajua wenye kasi, wa katikati watajuana wenyewe, na mpole anayetembea peke yake nyuma atamjua mbwa wa barabarani. Siku ile ya Bukumbi ulikuwa nyuma kwa bahati mbaya. Safari hii nakushauri uwe nyuma kwa kazi maalumu.

Misafara ya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma iliyokuwa ikishuka pwani zamani ilikuwa na kirangozi mbele, ndiye aliyeshika njia na mwendo. Siku hizi mbele kuna msalaba na bendera, na wanaogombea kuvibeba hawakosekani. Nyuma hapagombewi. Mwambie kiongozi wako mapema, kabla ya kuondoka Bukoba, kwamba unaomba kuwa mfunga msafara. Atakushukuru, maana kila mwaka anamtafuta mtu huyo kwa kubembeleza. Utavaa kizibao kinachong'aa, utakuwa na filimbi, tochi na chupa moja ya maji ya ziada, na sharti moja tu: asiwepo hujaji yeyote nyuma yako. Akiingia porini kujisaidia, unamngoja. Akikaa, unakaa.

Kila mtu, siku yake ikifika, hurudi nyuma. Leo goti limemsumbua mama wa Muleba. Kesho kijana aliyekuwa anaruka ruka mbele na kuongoza nyimbo ameharisha. Keshokutwa mtu amepigiwa simu na nyumbani, habari si nzuri, hataki kuimba. Wote wanateremka polepole mpaka wanakukuta wewe. Mtakapofika Masaka utakuwa umetembea na nusu ya kikundi bila kumtafuta hata mmoja. Na upole wako ndio unaotakiwa pale, kwa sababu mwongeaji akiwekwa nyuma humchosha mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe.

Mambo mawili ya usalama kwa mfunga msafara. Tanzania na Uganda magari hupita kushoto, basi tembeeni kulia mkiyatazama yanayokuja, mstari mmoja. Na kati ya Lukaya na Kayabwe kuna bwawa la Lwera: barabara nyembamba katikati ya mafunjo, malori yanapita kasi, hakuna kivuli. Pale usimruhusu mtu kuvaa spika za masikioni, awe padre au nani. Mkivuka salama mtafika Kayabwe, mstari wa ikweta unapopita, na hapo kila mtu atataka picha. Wape dakika ishirini. Huwezi kushindana na ikweta.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili ni ngumu kwako zaidi, kwa sababu ninyi walimu mmezoea kutoa.

Siku ya kwanza, kabla hamjafika hata Kyaka, muombe kitu mtu usiyemjua. Kiwe kidogo na kiwe cha kweli. Akushikie begi ukifunga kamba ya raba. Akukatie plasta ya kisigino usichokifikia vizuri. Akufundishe beti ya wimbo wa Kihaya wanaouimba, maana hutaujua. Usingoje mpaka uwe taabani. Anayeombwa kitu kidogo asubuhi, mchana anakuuliza umeendeleaje, na jioni anakuwekea nafasi kwenye mkeka. Nimewaona wenye mioyo mizuri kabisa wakisaidia huyu na yule kutwa nzima, na wao hawakubali hata kipande cha muhogo. Walidhani wanajenga undugu, kumbe wanajaza madeni. Mtu unayemsaidia mara tatu, na wewe hupokei chake chochote, ataanza kukukwepa, na utasema watu hawana shukrani.

Siku ya tatu na ya nne ndizo mbaya. Msisimko umeisha, miguu imeanza, usingizi haujatosha, na Namugongo bado iko mbali. Hapo ndipo huzuka maneno ya nani anapewa nyama kubwa, nani anakoroma kwa makusudi, nani anapanda gari la mizigo akifika kwenye kona isiyoonekana. Usiamue lolote juu ya mtu siku hizo. Hukumu uliyoitoa kati ya Kyaka na Kyotera ifute ukiona minara ya Masaka. Na wawili wakigombana, wasisuluhishwe barabarani na njaa yao. Wale kwanza, waoge, ndipo waitwe. Nusu ya kesi huishia kwenye sahani.

Kuhusu mazungumzo: usimuulize mtu amekuja na nia gani. Najua ni swali la kirafiki na kila mgeni hulianza nalo, lakini wapo waliobeba nadhiri za mtoto mgonjwa, za ndoa iliyovunjika, za jambo walilolitenda. Atakuambia akitaka, na kwa kawaida atakuambia mkiwa bega kwa bega, macho yenu yako barabarani, kwa sababu kusema bila kutazamana ni rahisi zaidi. Usipunguze mwendo akianza. Usimgeukie. Na ukifika kambini usiligeuze kuwa ombi la hadhara kwenye sala ya jioni, hata ukiwa na nia njema kiasi gani.

Kuna siku moja hasa ya kuangalia. Tarehe 21 Mei mtakuwa bado mkoani Kagera. Ni siku ambayo meli ya MV Bukoba ilizama mwaka 1996, ikitoka Bukoba ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Wewe wa Mwanza unayajua makaburi ya Igoma. Katika kikundi kinachotoka Bukoba hakukosi mtu aliyepoteza mzazi, dada au mjomba siku hiyo, na wengine waliopoteza walikuwa wadogo mno hata hawakumbuki sura. Atakayetembea kimya siku hiyo muache atembee kimya, nawe uwe karibu. Mkipiga rozari, iombeeni meli ile. Watu wa Bukoba na wa Mwanza hawahitaji utambulisho mwingine.

Fedha nitazipitia haraka. Mfuko wa dharura uwe mmoja, na mweka hazina mmoja anayesoma hesabu kila baada ya siku tatu. Mtu asimkopeshe mwenzake fedha taslimu njiani. Mwenye shida asaidiwe kupitia mfuko. Shilingi mbadilishe Mutukula, mkiwa wawili.

Rafiki yako. Aje, lakini wekeaneni makubaliano: msilale pamoja, msitembee pamoja kabla ya mpaka. Wawili wanaofahamiana wakishikana tangu Bukoba, kikundi huwaona kama mlango uliofungwa na hakigongi. Baada ya Mutukula kila mmoja atakuwa na watu wake, mtawaunganisha. Akikataa sharti hilo, mimi ningekuambia uende peke yako.

Na kwa kuwa una miaka 29, niseme tu, ndoa zimetoka kwenye hija hizi na nyingine nimekula pilau zake. Lakini mtu mliyekutana naye kilomita ya mia mbili hujamwona akiwa amelala vya kutosha, ameshiba na ana fedha mfukoni. Subiri umwone hivyo kwanza. Na usiku, wasichana wa kikundi walindwe. Mabweni tofauti, na mtu asiende msalani peke yake gizani. Mfunga msafara mwema hulikumbusha hilo bila kungoja kuambiwa.

Mkivuka mpaka, Kiswahili kitapungua nguvu. Wahaya wenu ndio watakaowasaidia, maana lugha yao na Kiganda zina mengi yanayofanana. Wewe jifunze kusema "webale" kwa kila anayekupa maji, na akina mama wa vijijini watawapa, hata wasiokuwa Wakatoliki. Usishangae pia kukuta Waanglikana njiani wakielekea kulekule. Wana mashahidi wao waliouawa nyakati zilezile, na mahali pao pa hija papo hapo Namugongo.

Mtakapofika, jambo litakaloniuma kama hukuambiwa ni hili: Namugongo haitawapa nafasi ya kuagana. Tarehe 3 Juni ni sikukuu ya taifa Uganda. Umati unaokuja kutoka Kenya, Rwanda, Kongo na kila wilaya ya Uganda humeza kikundi chenu chote. Mtaliona kanisa kubwa lenye nguzo 22 kwa mbali, mtasukumwa kuelekea ziwa dogo ambako misa huadhimishwa, simu zitagoma, na ikiisha kila dereva anapiga honi. Mtu mliyetembea naye wiki mbili atapanda basi jingine, mtaonana kwenye picha za watu. Kwa hiyo agana nao usiku wa tarehe 1 au mapema tarehe 2, mkiwa bado kikundi, mahali pa kulala, kabla hamjaingia. Kaeni chini. Kila mtu amtaje mmoja aliyemsaidia na alimsaidiaje, hata kama ni kumfungulia chupa ya maji. Kama wewe hutatajwa popote usihofu; wenye kufunga msafara mara nyingi hutajwa na wale wasiojua kusema hadharani, watakuja kukuambia pembeni. Kisha wekeni mahali pa kukutana baada ya misa, na pasiwe getini, maana getini ndipo wote huwekeana ahadi.

Kundi la WhatsApp litaundwa, litawaka Juni yote, na kufikia Agosti litabaki na salamu za Jumapili na matangazo ya biashara. Acha life. Angalia ni nani atakupigia ukifiwa, na nani utampigia gari likimharibikia Mwanza usiku. Watakuwa wawili au watatu. Wa Santiago nao, wakishamaliza kulia, hubaki na hao hao wawili watatu.

Lililobaki ni karatasi. Kuvuka Mutukula unahitaji pasipoti au hati ya dharura ya kusafiria, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano iliyochomwa angalau siku kumi kabla. Ombi la likizo liandikie mwezi Januari, kwa kuwa mwishoni mwa Mei shule hazijafungwa na mwalimu mkuu atataka kujua nani atashika darasa lako. Jina lako lipeleke kwa kiongozi wa kikundi cha Bukoba kabla ya Kwaresima. Orodha ikishafika kwenye parokia za Uganda, kuongeza kitanda kimoja humsumbua padre kuliko unavyofikiri.